Kufuli la Baba Mapacha

Tarehe 3 Februari

Mume wangu mdogo,

Mimi ni mzima, ila magoti yameasi. Nikiyaambia twende, yanakaa. Baba yako mzima, amenuna kama alivyozaliwa. Shangazi yako, pacha wake, naye mzima. Amenunua kabati kubwa kiasi kwamba sasa tukitaka kupita ukumbini tunapita ubavu ubavu kama kaa. Paka amezaa kwenye kikapu changu cha nguo na hakuna aliyeniomba radhi.

Barua hii anaiandika mama mshonaji wa chumba cha pili, maana kalamu sikuijua nikiwa msichana na sina haja ya kujuana nayo leo. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinipambe. Akinipamba nitajua, kwa sababu akimaliza ananisomea, na masikio yangu hayajashika kutu.

Sasa tuongee. Umeondoka wiki ya tano hii. Ulisema unakwenda kazi ya umeme, uwanja wa ndege wa kisiwani. Kisiwa kipi? Nilikuuliza pale mlangoni, ukanibusu kichwa ukasema, "Mbali kidogo tu, bibi." Mbali kidogo ni jibu la kumpa askari wa barabarani. Nikimuuliza baba yako anasema hajui, na akisema hajui anatazama ukuta.

Simu usinipigie. Maneno ya simu yakishatoka yamekwenda zake. Barua naiweka chini ya mto, nikitaka kukugombeza tena naitoa.

Niambie kisiwa, niambie unakula nini, niambie kazi yenyewe ni ipi. Kwa mpangilio huo.

Bibi yako, mke wako mkubwa

*

Tarehe 24 Februari

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, ila jua la hapa limenifanya rangi ya masufuria yako. Msalimie shangazi na kabati lake. Msalimie mama mshonaji, mwambie mwandiko wake ni mzuri kuliko wa mhandisi wetu. Nachelewa kujibu kwa sababu uwanja umefungwa kwa ajili ya kazi, ndege hazitui, barua zinakuja na meli mara moja kwa wiki, na wiki nyingine meli inasahau.

Chakula ni kile kile cha mafundi, wali na maharage, kesho maharage na wali.

Kisiwa ni kile cha mwisho kabisa, ambacho meli ikishafika inageuza. Sikukutajia kwa sababu baba aliniomba nisikutajie. Hakuniambia sababu, na wewe unajua ukimuuliza baba sababu utapata nini.

Kazi ni kubwa. Tunajenga nyumba mpya ya umeme, tunafunga jenereta mbili, tunazika kebo mpya pande zote mbili za njia ya ndege, na taa zote zinabadilishwa. Mimi nimepewa nyumba ya zamani niivunjevunje ndani. Ni chumba kimoja chenye kuta nene, hakina dirisha, kinanuka mafuta ya mashine. Ukutani kuna swichi saba za chuma, kila moja kubwa kama mlango wa jiko. Sita hazikuwa na kufuli. Ya saba ilikuwa imezimwa na kupigwa kufuli.

Ngoja nikueleze, maana ndiyo sheria yetu kuu. Fundi akishuka kwenye laini ya umeme kufanya kazi, anazima swichi, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, anatundika kibao, ufunguo anatia mfukoni. Hata bosi haruhusiwi kuligusa. Anayekata kufuli la mwenzake anarudishwa kwao siku hiyo hiyo, kwa sababu kufuli likiwepo maana yake kuna mtu ameshika waya.

Basi, lile kufuli lilikuwa limeoza kwa kutu. Msimamizi akasema halina mwenyewe. Kufuli likakatwa, umeme ukajaribiwa. Laini ilishika kwa muda wa mtu kutoa salamu na kuitikiwa, halafu ikajizima. Lakini katika muda huo, mbele kabisa kwenye majani ya upande wa mashariki, taa moja ya zamani iliwaka. Mawingu yalikuwa mazito asubuhi ile, tuliiona watu wanne. Ile taa haina balbu, bibi. Niliitoa mwenyewe wiki iliyopita, ipo kwenye sanduku chini ya kitanda changu.

Baadaye nikakifuta kibao. Kimeandikwa MTU YUKO KAZINI, USIWASHE. Chini yake mtu amechora kwa msumari: Baba Mapacha.

Nikacheka kidogo. Akina Baba Mapacha wako wengi duniani, au siyo?

Mjukuu wako

*

Tarehe 12 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume wangu. Wazima wote, paka na wanawe pia, tumemaliza salamu.

Mama mshonaji aliponisomea hilo jina la mwisho aliniuliza kama nataka maji. Sikutaka maji. Nilitaka asome tena.

Sikiliza. Babu yako alikuwa fundi umeme. Alikwenda kisiwa cha mwisho kufanya kazi uwanja huo ulipokuwa unarefushwa. Baba yako na shangazi yako walikuwa na miaka minne. Mtaa mzima ulimwita Baba Mapacha, na huko kazini vile vile, kwa sababu alikuwa hanyamazi kuhusu hao watoto. Mwezi wa nane wa kazi akaja mtu wa ofisi yao, amevaa viatu vya kung'aa, akasimama hapo hapo ulipokuwa umesimama wewe. Akasema mumeo ameacha kazi, amepanda meli na mwanamke, usimngoje.

Sikumngoja. Nimefua nguo za watu miaka arobaini na moja bila kumngoja. Nimeitwa mwanamke aliyeachwa mpaka nikalizoea kama jina la ubatizo. Baba yako alipigana shuleni kwa ajili hiyo, kovu la nyusi umeliona. Ndiyo maana hataki jina la kisiwa litajwe nyumbani, anadhani sijui kwamba anajua uliko.

Sasa nijibu mawili, usizunguke.

La kwanza, fundi akiacha kazi akaenda zake na mwanamke, anaweza kuliacha kufuli lake limefungwa?

La pili. Umeandika "kufuli likakatwa." Kufuli halijikati. Ni nani aliyelikata?

Na kabla hujajibu, nenda kaifunge hiyo swichi.

Bibi

*

Tarehe 2 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa bandarini siku tisa. Ningeipata mapema, kuna jambo tusingelifanya.

La kwanza nakujibu. Hawezi. Kufuli ndilo kitu cha kwanza fundi anachukua akiondoka kazini, kabla ya viatu. Nimewauliza wote hapa, hata wapishi. Mzee mmoja wa jenereta alisema, "Mtu anaweza kumsahau mkewe, kijana, kufuli hapana." Nikamwambia mke mwenyewe ni bibi yangu. Akaacha kucheka.

Jambo lenyewe ni hili. Kebo mpya ya upande wa mashariki inatakiwa kupita kwenye mabomba ya zamani yaliyozikwa. Kwanza tunapitisha kamba, halafu kamba ndiyo inavuta kebo. Tuliisukuma kamba kwa fimbo ndefu, ikaenda vizuri, ilipofika mita mia tatu na kumi na mbili ikakwama. Mhandisi, ni mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akaipima ile laini iliyojizima. Mashine ikamwambia hitilafu iko pale pale, mita mia tatu na kumi na mbili. Kwenye michoro hapo hakuna kitu. Juu yake ni zege la njia ya ndege.

Tukaiacha tukaenda kula. Tuliporudi nikaishika kamba nijaribu kuivuta itoke. Ikavutwa kutoka ndani. Si kwa nguvu. Taratibu, mkono kwa mkono, kama mwenzako aliye shimoni anavyopokea. Ukizoea kazi hii unamjua mpokeaji mzuri hata humwoni. Havuti kwa pupa, anakuachia nafasi ya kupumua. Mita mbili za kamba ziliingia bombani mbele ya macho yetu, halafu zikatulia. Ilikuwa saa saba mchana. Nilitazama mikono yangu, nikaona nimeendelea kulegeza kamba bila kujua, kama kawaida ya kazi.

Msimamizi alisema bomba lina mteremko na kamba imejivuta kwa uzito wake. Mhandisi alipima mteremko. Bomba linapanda.

Nimeifunga swichi kwa kufuli langu. Ufunguo ninao shingoni. Msimamizi anataka laini iwashwe mwisho wa Mei, wakaguzi wanakuja, na akinikuta natembea hivi ananitazama kama ukuta uliopinda. Lakini kufuli ni langu sasa, kulikata hathubutu.

Niulize nami moja. Alipoondoka, mlikuwa mmepatana?

Mjukuu wako

*

Tarehe 15 Aprili

Mjukuu wangu,

Shangazi yako ana mafua. Kabati limehamishiwa chumbani kwake na mlango haufungi.

Umejibu la kwanza, umeliruka la pili. Usidhani kwa uzee huu sihesabu.

Na hilo la kwako halina mahali kwenye barua. Mama mshonaji ni mtu mzuri lakini ana masikio, na mimi nina haya zangu. Tuliache.

Hivi ndivyo utakavyofanya. Nenda kwa huyo mama mhandisi, umwambie kila kitu, na jina. Mwambie kuna mwanamke hapa mjini ambaye ameambiwa kwa miaka arobaini na moja kwamba aliachwa, na kufuli lenu linasema hakuachwa. Mwambie nataka kujua lipi limesema kweli. Sitaki huruma yake. Nataka avunje hilo zege.

Nilipomtajia baba yako habari ya kibao aliinuka mezani. Akasema, "Mama, mwache huko aliko." Nikamwambia, "Huko aliko ni wapi?" Akatoka, amerudi jioni amelowa, na mvua haikunyesha sana. Tangu siku hiyo anafagia ua kila asubuhi kabla sijaamka. Hajawahi kushika fagio katika maisha yake.

Wewe usiivute tena ile kamba. Akiivuta mpe. Hujui ana kazi gani nayo.

Bibi

*

Tarehe 19 Mei

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mzima mimi. Najua nimekaa kimya mwezi mzima, na najua umeninenea nini. Nilikuwa na barua tatu nilizoanza nikazichana.

Mama mhandisi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwandikia msimamizi karatasi kwamba kuna hitilafu mita mia tatu na kumi na mbili na zege lazima livunjwe ili itengenezwe. Hakuandika zaidi ya hapo. Msimamizi akalalamika, akasaini.

Ilituchukua siku nne. Chini ya zege kulikuwa na udongo uliobomoka, na chini ya udongo kuna chumba kidogo cha tofali cha kuunganishia kebo, kirefu cha mtu kusimama. Mdomo wake uliporomoka, halafu njia ya ndege ikamwagwa juu yake. Ama hawakujua kuna mtu, ama walijua. Mtu wa viatu vya kung'aa ndiye angetuambia.

Yumo, bibi. Nimekaa dakika nyingi na kalamu juu ya neno hilo. Yumo, ameketi, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtu anayepumzika. Mkanda wake wa vifaa uko kiunoni, ufunguo wa kufuli umo kwenye kifuko cha mkanda. Kiungo cha kebo alichoshuka kukifanya kimekwisha. Kimefungwa vizuri, safu kwa safu, mhandisi amesema hajaona kizuri kama hicho. Maana yake aliendelea kufanya kazi baada ya mdomo kufunga. Alikuwa na muda.

Polisi na daktari wamekuja wameandika yao. Amehifadhiwa kwenye chumba cha zahanati, nimemwekea shuka langu.

Sasa la pili uliloniuliza mwezi wa tatu. Ni mimi. Msimamizi alinyoosha kidole, lakini mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na sikukifuta kibao kwanza kama nilivyofundishwa. Nilikata, halafu nikawasha kwa mkono huu huu. Babu yangu alikuwa kazini na mimi nikamwashia umeme. Nikifumba macho naiona ile taa isiyo na balbu.

Jambo jingine nakuambia wewe tu. Kamba yetu niliikuta imepitishwa kwenye pete ya ukutani, upande wa pili, tayari kuvutia kebo. Imefungwa fundo. Fundo zuri, la watu wa zamani. Hakuna aliyewahi kuingia mle kabla yangu. Nililifungua mwenyewe kabla wengine hawajashuka, sijui kwa nini, labda niliona ni la ndani ya familia.

Ndani ya kopo lake la misumari kuna barua moja. Bahasha imefunguliwa, kisha imezungushiwa utepe wa kebo kwa tabaka nyingi isiingie maji. Nimebandua utepe tu; mwandiko wa nje siujui, ila jina la mtumaji ni lako. Sijaisoma. Niifanyeje?

Kufuli langu bado lipo kwenye swichi. Zimebaki siku kumi na mbili laini iwashwe. Siwezi kulitoa, bibi. Najaribu, mkono unakataa.

Mjukuu wako

*

Tarehe 27 Mei

Mume wangu,

Meli safari hii imekimbia, barua yako nimeipata jana. Wazima wote. Nilipomaliza kusomewa nilienda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Asubuhi hii nimemwambia mama mshonaji, kaa chini, leo utaandika na haya zangu.

Ile barua ni yangu. Niliandikiwa na kijana wa benchi la posta, aliyeandikia watu wasiojua kusoma. Babu yako alikuwa ameongeza muda wa kazi mara mbili bila kuniuliza, watoto wanaumwa surua wote wawili, mimi sijalala. Nikamwambia yule kijana, andika: kama kazi umeioa, kaa nayo, usirudi kwangu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia fanya kazi yako. Wiki ya tatu akaja mtu wa viatu. Basi nikajua ni mimi niliyemfukuza. Mtaa ulidhani naona aibu ya kuachwa. Hata siku moja. Niliona aibu kwamba nilimtuma mwenyewe, na sikumwambia mtu, hata wanangu, nikawaacha wamchukie kwa kosa langu. Hilo ndilo jibu la swali lako kama tulipatana.

Sasa unaniambia aliifungua, akajua ina nini, akaizungushia utepe isilowe, akashuka nayo kazini. Nimelala na hilo usiku wote. Mtu anayeondoka hafanyi hivyo. Alikuwa anaiweka aje anigombeze nayo. Angenisomea neno kwa neno mbele ya watoto, namjua, na tungecheka. Barua usiisome wala usiniletee. Mwachie, ni yake.

Kuhusu mkasi. Ulikosa, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulifundishwa kukifuta kibao kwanza, hukukifuta. Lakini usingelikata hilo kufuli wangelikata wengine, kibao wangekitupa kwenye lori la vyuma, na mimi ningekufa nikiamini nilivyoamini. Umeme wako haukumkuta mtu wa kuumia. Kosa lako nimelipokea, ni langu sasa, wewe liachie huko huko, usiende nalo kila kazi.

La fundo nimelisikia. Usilitafutie maelezo. Alikuwa fundi, mkaleta kamba, akaipokea.

Jana jioni niliwaita mapacha wangu nikawaambia yote isipokuwa fundo, hata la benchi la posta. Shangazi yako alilia mpaka mafua yakarudi. Baba yako hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Alimaliza kile kiungo?" Nikamwambia alikimaliza. Akaingia ndani akaanza kukunja nguo kwenye begi, vibaya, nikamkunjia upya.

Anapanda meli leo jioni. Atafika huenda pamoja na barua hii, huenda kabla yake. Mpeleke zahanati, umwache peke yake, usimharakishe. La fundo usimwambie kwanza. Mkishamtoa babu yako kwenye daftari la kazi, yaani huyo mama mhandisi aandike kwa mkono wake kwamba fundi huyu ametoka kwenye laini, ndipo utoe kufuli lako. Mkono hautakataa.

Lakini usiwashe wewe. Mwache baba yako. Mwoneshe swichi ni ipi, simama nyuma yake. Atatetemeka. Usimcheke, na usimshike mkono.

Mke wako mkubwa, Mama Mapacha